Kijito unachokiruka Kericho ndicho askari wa Nero walishindwa kukifikia

Wewe uliyezaliwa Litein, Sotik, Kapkatet ama Silibwet, nijibu swali moja bila kuuliza simu. Mama akimwaga maji ya kuoshea vyombo nyuma ya jikoni, mvua ije iyasombe, yanaishia wapi?

Wengi niliowauliza wanasema, "Mtoni." Sawa. Na mto? "Unaenda tu." Unaenda tu wapi, buda? Hapo ndipo watu huanza kuangalia juu kama wameulizwa hesabu.

Mimi pia ningeangalia juu, kama si siku ile nilipotea kwenye majani chai. Nilikuwa nimetoka Nairobi kumtembelea rafiki yangu kati ya Kericho na Litein, na alasiri moja nikajiambia nitakatia ndani ya shamba moja kubwa la chai nitokee barabarani. Sisi watu wa Nairobi tunadhani ramani ni ile sauti ya mama kwenye simu inayosema geuka kulia. Saa tisa ikafika, mvua ya Kericho ikafika pamoja nayo kama kawaida yake, na simu iliyokuwa na asilimia tisa ikazima. Ukitaka kujua upweke ni nini, simama katikati ya chai simu ikiwa imezima. Kila upande ni kijani. Kila njia inafanana na ile umetoka. Majani yamekatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kinyozi, na hakuna jengo refu la kukuambia mji uko wapi.

Nilimkuta mzee chini ya mikaratusi na ng'ombe wawili.

"Chamgei, mzee."

"Chamgei mising. Umepotea." Hakuwa anauliza.

Nikakubali. Akanyoosha fimbo kuelekea bonde. "Teremka mpaka usikie maji. Ukiyapata usiyavuke, fuata tu yanakoenda. Hapa maji yote yanashuka Sondu, na lami utaikuta huko huko chini."

Hakuniambia kilomita, hakuniambia dakika. Nilifuata kijito ambacho ningeweza kukiruka kwa hatua moja. Baadaye kikawa cha hatua mbili, halafu kikawa mto wa kelele, na kabla ya giza nikaiona lami na boda. Nilikuwa nimelowa mpaka soksi.

Jioni hiyo, nikikausha viatu jikoni, dadake rafiki yangu alikuwa mezani na kipande cha ramani ya topografia. Yuko Kidato cha Nne, na Jiografia ya KCSE ina swali la kusoma ramani ambalo huwezi kulikwepa. Nikamwuliza anionyeshe nilikopotelea. Akacheka kwanza, halafu akanifunza kwa dakika kumi kitu ambacho mimi nilisoma shuleni miaka minne na kukisahau siku ya mtihani.

Hebu keti hapa nikuonyeshe vile alinionyesha.

Ramani yake ilikuwa ya skeli ya 1:50,000. Maana yake sentimita mbili kwenye karatasi ni kilomita moja kwa miguu. Kwa barabara iliyonyooka unatumia rula. Kwa mto unaojipinda kama nyoka unatumia uzi: unaulaza juu ya mto ukifuata kila kona, kisha unaunyoosha kwenye rula. Ukitaka kumwonyesha mtu mahali, unasoma namba za chini kwanza, zile zinazokua ukielekea mashariki, ndipo usome za kando zinazopanda kaskazini. Yeye huikumbuka kichai: tembea kwanza kwenye mstari, kisha panda mlima. Ukigeuza mpangilio huo, mwenzako atakutafuta kaunti nyingine.

Lakini utamu uko kwenye ile mistari ya kahawia iliyojikunja kunja, kontua. Kila mstari unaunganisha sehemu zenye kimo sawa. Ikibanana, hapo ni mteremko wa kukata pumzi. Ikiachana, hapo unaweza kucheza mpira. Sasa tazama pale kontua zinapokatwa na mstari wa buluu, yaani mto. Zinapinda na kufanya herufi V. Ncha ya hiyo V daima inaelekeza mlimani, mto unakotoka. Kwa hivyo maji yanaenda upande wa pili, upande V ilikofunguka. Hata kama ramani haina mshale wala jina, hizo V zinakwambia mto unakoenda.

Nikaweka kidole kwenye kijito changu nikaanza kufuata V. Kikaingia kijito kingine, hicho kikaingia mto, karatasi ikaisha. Tukahamia atlasi.

Na hapo ndipo Warumi wanaingia. Usiondoke.

Itare, Kiptiget, Chemosit, na Kipsonoi unaopita Sotik, yote inatoka msitu wa Mau na kukutana hatimaye kuwa Sondu. Sondu unapita kwenye kile kituo cha umeme cha Sondu Miriu cha megawati 60 na kuingia Ziwa Victoria. Wewe wa Silibwet na Tenwek una mto wako tofauti, Nyangores. Huo unakutana na Amala na kuwa Mara, ile Mara ya nyumbu na mamba, unavuka mpaka na kuingia ziwa lile lile upande wa Tanzania. Watu wa Kipkelion na Londiani wana Nyando, nao unaishia ziwani. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Jinja kule Uganda, na mto unaotoka hapo ni Nile. Kyoga, Ziwa Albert, Juba, Khartoum, Aswan, Cairo, bahari.

Kwa hivyo jibu la swali la sahani za mama ni Misri. Angalau tone moja likibahatika.

Sasa fikiria mtu aliyekaa upande ule mwingine wa mto. Karne ya 5 KK, Mgiriki anayeitwa Herodotus alisafiri Misri akapanda na Nile mpaka Elephantine, karibu na Aswan ya leo. Alikuwa na shida moja: kila mtu alikuwa anakunywa maji ya mto ule na hakuna aliyejua unatoka wapi. Aliuliza Wamisri, akauliza Wagiriki wenzake. Karani mmoja wa hekalu alimwambia Nile inabubujika kati ya milima miwili, Crophi na Mophi, nusu ya maji inaenda kaskazini na nusu kusini. Herodotus mwenyewe aliandika kwamba alihisi karani huyo anamtania. Wengine walisema ni theluji inayoyeyuka kusini. Akakataa: theluji itoke wapi, na huko kusini kunazidi kuwa na joto? Ulionekana kama mjadala wa busara. Tatizo ni kwamba alidhani ukienda kusini unaenda kwenye joto tu, bila kuhesabu kimo. Hakujua kwamba huku kuna Kericho, karibu kabisa na ikweta, mita kama 2,000 juu ya bahari, ambako asubuhi ya Julai unavaa sweta mbili na mvua ya mawe inapiga chai mpaka inachanika.

Baada yake wakaja Warumi, na Warumi hawakuwa watu wa kuuliza makarani. Mwanzoni mwa miaka ya 60 BK, Kaisari Nero alituma askari wapande na Nile mpaka mwisho. Tunajua habari hiyo kutoka kwa Seneca, mwalimu wake, ambaye anasema aliisikia kwa maofisa wawili waliokwenda wenyewe. Walipita Meroe, wakapewa msaada na mfalme wa huko, wakasonga kusini mpaka wakafika kwenye kinamasi kisicho na mwisho. Majani na maji yamesukana. Mguu hauingii. Mashua haipiti, isipokuwa kajahazi kadogo ka mtu mmoja. Hata wenyeji, walisema, hawakujua kinaishia wapi. Wanahistoria wengi wanadhani hiyo ni Sudd, kinamasi cha Sudan Kusini, na ukikiangalia leo kwenye picha za setilaiti utawahurumia. Wakageuza wakarudi kwa bosi na habari ya matope.

Mimi ninachokiona hapo ni wasee waliofanya kama yule mzee alivyoniambia, ila kinyume. Mimi nilifuata maji kwenda chini, ambako vijito vinaungana, kwa hivyo huwezi kukosa. Wao walifuata maji kwenda juu, ambako mto unagawanyika, kila tawi linagawanyika tena, na kila njia panda unalazimika kuchagua. Bila mistari ya kimo, utajuaje ni tawi lipi? Hata leo ukiuliza chanzo cha mbali kabisa cha Nile utapata Burundi inasema ni kwake na Rwanda inasema ni kwake, kwa sababu ya Mto Kagera na vijito vyake. Sondu na Mara zetu ni vidole tu kwenye mkono huo.

Kuna mwingine alijaribu kwa mlango wa nyuma, na huyu ni wa kwetu kidogo. Wafanyabiashara wa Kigiriki kutoka Misri ya Kirumi walikuwa wanashuka pwani yetu. Kuna kitabu cha mabaharia cha karne ya 1 BK, Periplus, kinachoiita pwani hii Azania na kutaja soko lake la mwisho kusini, Rhapta, walikonunua pembe za ndovu na magamba ya kasa. Jina hilo Rhapta linatokana na mashua zilizoshonwa kwa kamba, babu wa mtepe wa Waswahili. Mji wenyewe haujapatikana mpaka leo. Sasa, baharia mmoja aliyeitwa Diogenes, akirudi kutoka India, alisukumwa na upepo akashuka pwani hii siku 25, na habari yake ikawa kwamba amefika karibu na maziwa ambako Nile inatoka.

Karibu! Kutoka pwani mpaka Ziwa Victoria ni zaidi ya kilomita 600 hata ndege ikinyoosha. Huyo ni ndugu yetu kabisa. Ni kama ule uelekezaji wa kijijini, "ni hapo mbele tu", na wewe unatembea mpaka jua linazama. Inaelekea alisikia habari za maziwa kutoka kwa watu wa pwani waliofanya biashara na bara, na habari yenyewe ilikuwa kweli. Umbali ndio ulikuwa wa mdomo.

Habari hizo zikafika mezani kwa Ptolemy, Aleksandria, kama mwaka 150 BK. Huyu jamaa mimi namheshimu. Alilalamika kwa maandishi kwamba umbali unaotolewa na wafanyabiashara hauaminiki kwa sababu wanapenda kujigamba. Alichotaka ni kila mahali pawe na namba mbili, moja ya kaskazini-kusini na moja ya mashariki-magharibi. Hizo ndizo latitudo na longitudo, zile zile ziko kwenye simu yako ukibonyeza ramani kwa muda. Kericho inakuja kama 0.37 kusini na 35.28 mashariki. Wazo hilo la namba mbili lina karibu miaka elfu mbili.

Shida yake ilikuwa namba zenyewe. Alikuwa na siku 25 za tanga akalazimika kuzigeuza kuwa digrii. Akayaweka maziwa mawili ya Nile digrii 6 na 7 hivi kusini ya ikweta, na milima inayoyalisha, aliyoiita Milima ya Mwezi, digrii 12 na nusu kusini. Ziwa Victoria halivuki sana digrii 3. Aliyatupa mbali. Lakini maziwa yapo, na mto kweli unatoka ziwani. Wazungu walikuja kulithibitisha hilo Julai 1862, Speke aliposimama Jinja.

Tena Aleksandria ilikuwa inaletewa maji ya Nile kwa mfereji. Ptolemy huenda aliandika kitabu chake kizima akinywa, kwa kiasi kidogo sana, mvua ya Mau.

Nimesema kidogo sana, na sitaki kukudanganya ndipo ujivunie. Mafuriko yaliyowafanya Wamisri wapande ngano yanatoka Ethiopia, Nile ya Buluu. Maji mengi yanayofika Aswan ni ya Ethiopia. Nile yetu, Nyeupe, inapoteza karibu nusu ya maji yake kwa jua ndani ya Sudd, kile kile kinamasi cha askari wa Nero. Kazi yake ni kutiririka wakati wa kiangazi, wakati ule mwingine umepungua. Ni kama yule fundi asiye na makelele ambaye hakosi kazini.

Ukitaka kujaribu Ugiriki kwa mkono wako, subiri tarehe 23 Septemba ama 20 Machi. Simika kijiti cha mita moja kiwe wima kabisa, mahali tambarare, jua likiwa wazi. Kericho ikiwa pale ikweta inapokaribia kukukanyaga, kivuli cha adhuhuri kitakuwa chini ya sentimita moja. Kwa mchezo kama huo, karne ya 3 KK, Eratosthenes alipima dunia nzima. Alijua kwamba kule Syene, ndiyo Aswan, siku fulani ya Juni kijiti hakina kivuli adhuhuri. Aleksandria siku hiyo hiyo kivuli kipo, na pembe yake ni moja kwa hamsini ya duara. Akachukua umbali kati ya miji hiyo, akauzidisha mara hamsini. Basi.

Ila usitazame kijiti saa sita kamili ukasema nimekudanganya. Saa zetu Kenya nzima zinafuata mstari wa digrii 45 mashariki, ambao haupiti hata Kenya, uko baharini na Somalia. Kericho iko digrii kama 10 magharibi ya hapo. Kila digrii jua linachukua dakika nne. Kwa hivyo adhuhuri yako halisi iko kati ya saa sita na nusu na saa saba kasorobo. Hiyo ndiyo longitudo, na hiyo ndiyo ilimshinda Ptolemy, kwa sababu hakuwa na saa ya kubeba.

Sasa rudi kwenye ramani ya yule dada, kwa sababu kulikuwa na kitu kingine aliniuliza.

"Unaona huu mgongo?" Alikuwa anapitisha penseli juu ya Mau. Huko kontua zinafanya ule mgongo mrefu wa kugawa maji. Mvua ikianguka upande wetu inaenda Sondu na Mara. Ikianguka hatua chache upande wa pili inashuka Mto Njoro na kuingia Ziwa Nakuru, ama Mto Molo na kuingia Baringo, na hayo maziwa hayana njia ya kutoka. Mvua moja, wingu moja, majirani wawili, na mmoja maji yake yanaenda Misri na mwingine yanaenda kwa flamingo.

"Bwawa la Itare liko upande gani?" akauliza.

Kama umesahau, bwawa hilo ni la Kuresoi, kaunti ya Nakuru. Ujenzi ulianza 2017, mkandarasi akaingia matatizo ya kifedha, na ukasimama. Mpango ulikuwa kukinga maji ya Itare na kuyapitisha kwenye handaki hadi Molo, Njoro, Rongai na Nakuru mjini. Tazama hiyo penseli tena. Handaki hilo linapita chini ya mgongo. Linachukua maji yaliyokuwa yanateremka kwetu na kuyamwaga upande ambao hayatarudi. Wakazi na viongozi wa Kericho na Bomet walipinga wakihofia mito kukauka. Wa Nakuru nao wana kiu ya kweli, mji unakua na mifereji inakaa bila tone. Mimi sijui ningepiga kura upande gani. Ila nakumbuka wakati huo nikisoma maoni mtandaoni, karibu wote tulikuwa tunabishana kwa vyama na makabila. Sikumbuki hata mmoja, mimi nikiwemo, akitaja mteremko.

Wenye ramani walijua kitambo. Tarehe 7 Mei 1929, Uingereza ilibadilishana barua na Misri, ikakubali kwamba katika nchi inazozitawala hakuna mradi wa umwagiliaji ama umeme utakaojengwa kwenye Nile, matawi yake na maziwa yake, ukapunguza maji ya Misri, bila Misri kuridhia. Matawi yake. Yaani Kipsonoi. Yaani Nyangores. Wakati huo kampuni za Kiingereza ndio kwanza zilikuwa zinapanda chai Kericho, na babu zenu hakuna aliyewaambia kwamba mto wanaonyweshea ng'ombe umewekewa saini Cairo. Kenya huru ilikataa kufungwa na barua hizo, na Mei 2010 ikatia saini mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile, ambao Misri na Sudan ziliupinga. Mzozo bado unaendelea, na wewe unauvuka kila asubuhi ukienda kituo cha kukusanyia majani.

Tulimaliza na uzi. Yule dada aliulaza juu ya kijito changu kuanzia mikaratusi ya yule mzee mpaka kwenye lami, akaunyoosha kwenye rula. Sentimita tano na nusu.

"Kilomita mbili na robo tatu," akasema. "Na wewe ulituambia umetembea kumi."